Mashine Niliyoiwasha Tupu

Zuhura mwanangu,

Salamu na rehema za Mola zikutangulie huko unakokwenda. Umetoka sasa hivi kwenda Rohero kutafuta kufuli ya sanduku, baba yako yuko garaji, na mi nimekaa juu ya kitanda chako kwa sababu ndicho kitanda pekee katika nyumba hii ambacho leo hakijajaa nguo. Nimechukua daftari lako la zamani la hesabu. Usikasirike, nimeandika kwenye kurasa ulizoziacha nyeupe.

Mambo ya kula, kulala, kusali na kujilinda na vijana wenye maneno matamu sitayaandika. Hayo nimekuimbia juma zima mpaka ukaweka vidole masikioni. Nakuandikia kwa sababu ya karatasi moja iliyo katika faili lako la kijani. Ile barua ya direkta wetu, mkuu wa maabara, ambayo ndiyo iliyokufungulia mlango wa chuo cha Morogoro. Mle ndani ameandika kwamba umelelewa na mwanamke asiyepoteza kitu bure na asiyesema uongo. Ya kwanza nilijifunza kwa kuchelewa. Ya pili si kweli. Na kesho alfajiri unapanda basi na karatasi hiyo.

Lakini kwanza niache nijisifu kidogo, kwa sababu mbele huko sitapata nafasi.

We ndiye mutoto wa kwanza wa avenyu hii kwenda kusomea kazi ya kutunza wanyama wa labo, wa kupimia dawa. Wa kwanza! Na kazi hiyo imeingia nyumbani kwetu kwa mlango gani? Kwa ndoo yangu. Mi niliyeishia darasa la sita na juzuu chache za madrasa, ndiye niliyeingia labo ya Mutanga Sud na brashi moja, we ukiwa na miaka minane, nikatoka na funguo zote kiunoni. Walinicheka humu Buyenzi. Unamkumbuka Mama Shabani wa nyumba ya pili? "Jamani, wengine wanafukuza panya nyumbani, Mama Zuhura anawatandikia kitanda!" Wakaniita Mama wa Panya. Jina nikalivaa kama shanga. Nikawaambia panya wangu wanalala kwenye baridi ya klimatizeri, mashine ya kupoza hewa, wanakunywa maji yaliyochemshwa, na wakati Mama Shabani mwenyewe bado yuko kwenye foleni ya bomba, wao wamekwisha kustarehe. Na dawa za malaria zinazopimwa kwao zitamponya na yeye, akipenda asipende.

Sasa nisikilize.

Mule ndani ya nyumba ya wanyama palikuwa na karatasi ya sheria juu ya mlango. Ilisema visanduku vya panya vibadilishwe mara moja kwa juma, vingine vingoje zaidi. Ilisema otoklavu iwashwe ikiwa imejaa tu. Otoklavu unaijua, ile sufuria kubwa ya chuma yenye mlango mzito, inayopika kila kitu kwa mvuke ili vijidudu vife. Karatasi ile nilikuwa naipita kila asubuhi kama mutu anavyopita tangazo la msiba wa mutu asiyemjua.

Kwa sababu mi nilikuwa msafi. Bibi yako alinifundisha kuosha sufuria nje na ndani hata kama ilichemsha maji matupu. Nikiona maranda yamebadilika rangi kidogo tu pembeni, namwaga kisanduku kizima, nafua, natia maranda mapya. Kila siku. Maranda mengine nilikuwa nayatupa yangali yananukia mbao. Nilivaa glavu mbili juu ya mkono mmoja na kuzitupa mara kumi kwa siku. Klimatizeri niliiweka baridi ya Ijenda kule milimani, mi mwenyewe naingia na sweta, nje watu wa Bujumbura wanajipepea na makaratasi. Na otoklavu, Zuhura, nilikuwa naiwasha ikiwa na trei mbili, na trei moja. Siku nyingine niliiwasha kwa ajili ya brashi zangu peke yake. Ile sauti ya mvuke ikitoka ilinipendeza. Nilisikia kama kuna mutu ananisifu.

Panya majike walikuwa wanakula watoto wao. Nikiingia asubuhi nakuta miguu midogo kwenye maranda. Nikasema hawa damu yao mbaya, hawana huruma. Nikawa nazidi kusugua.

Mutu aliyeona ni Papa Riziki. Najua humtaji tena, lakini kulikuwa na wakati ulikuwa unamtaja kila siku. Mutu wa Uvira, Kongo, mrefu, aliyekimbia vita na familia yake, akapewa kazi ya kuchunga grupe letu, jenereta la labo. Umeme ukikatika, yeye ndiye aliyeliwasha. Alikuwa na kijiti alichokichora alama kwa kisu, anakitumbukiza kwenye tanki la mazutu, dizeli ya grupe, asubuhi na jioni, anakitazama kama dokta anayetazama joto la mgonjwa. We ukipita labo kutoka shule alikuwa anakuita Dokta. "Dokta wangu amefika!" Na siku zote alikuwa amekuwekea muhindi wa kuchemsha ndani ya mfuko.

Mwaka ule mazutu ilikuwa imepotea mjini, watu wanalala na magari yao mbele ya vituo. Umeme ulikuwa unakatika karibu kila siku. Kisha tukaambiwa Jumatatu inayokuja tutapata wageni, wakubwa watakaokuja kutazama labo yetu kama inafaa kusaidiwa. Ijumaa umeme ukakatika, haukurudi. Jumamosi nikaingia kazini na moyo wa arusi. Nilisema wageni hawa watakula chakula juu ya sakafu yangu wakitaka. Nikamwaga visanduku vyote. Vyote, Zuhura, hata vile vya jana. Nikawasha otoklavu kwa umeme wa grupe, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Papa Riziki akaja mlangoni na kijiti chake mkononi.

"Mama Zuhura, mule ndani ya mashine uko na chemsha nini? Hewa?"

"We chunga grupe lako, mi nichunge usafi wangu. Kwetu usafi ni nusu ya imani."

"Ni kweli, mama. Nusu ingine ni mazutu." Akaniinulia kijiti. Kilikuwa kimelowa chini tu, upana wa vidole viwili. "Hii haitafika Jumatatu."

"Utatafuta nyingine. Si ndiyo kazi yako?"

Alicheka, akaenda. Mi nikawasha mara ya nne.

Jumapili nilikuwa arusini kwa shangazi yako, nimevaa ile nguo ya zambarau, nacheza. Papa Riziki alikuwa labo peke yake. Alipoona grupe linakaribia kukauka, alichukua bidoni, lile dumu la plastiki, akaenda kutafuta mazutu, kituo hadi kituo, kwa miguu. Vyote vikavu. Alirudi jioni na bidoni tupu. Grupe lilikuwa limekwisha kunyamaza saa nyingi, na yeye hakuwa na funguo za nyumba ya wanyama. Funguo zilikuwa kiunoni kwangu, chini ya nguo ya zambarau. Simu yangu ilikuwa ndani ya mkoba, mkoba uko chini ya kiti, na ngoma zilikuwa zinalia. Alinipigia mara saba.

Jumatatu nilifungua mlango mi mwenyewe. Joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria. Nyumba ile haina dirisha la kufunguka, hewa yote inaletwa na mashine. Panya walikuwa wamelala wote wameelekea chupa za maji, mmoja juu ya mwingine, na visanduku vyao vilikuwa vinang'aa. Hakuna siku nilivisafisha vizuri kuliko siku ile. Kwenye friji, damu zote zilizokuwa zimehifadhiwa kwa ajili ya ile dawa zilikuwa zimeharibika. Kazi ya miaka miwili ya watu waliosoma. Wageni walirudishwa getini.

Direkta akatukusanya uani, mbele ya grupe. Msimamizi akasema ukihesabu mazutu iliyoingia mwezi ule, na saa ambazo grupe lilifanya kazi, bidoni nne hazionekani zilikokwenda. Mlinzi akasema alimwona Papa Riziki Jumapili anatoka na bidoni. Ikatosha. Mwaka ule kila mutu aliyegusa mazutu aliitwa mwizi, na ukiwa Mkongomani uliitwa mapema zaidi. Wakamwambia amwage mfuko wake. Akaumwaga chini, mbele ya wapishi, mbele ya wafagiaji, mbele ya watoto wa kampasi. Ulikuwa na kitabu cha nyimbo za kanisani na muhindi mmoja uliofungwa kwenye plastiki.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mazutu imekunywewa na ile mashine ya mvuke. Muulize mama wa panya."

Direkta akageuka. "Mama Zuhura, otoklavu unaiwasha mara ngapi?"

"Mara moja kwa juma, direkta. Ikiwa imejaa. Kama mulivyoagiza."

Ndivyo nilivyosema. Maneno yalitoka na sauti yangu ya kila siku, ile ninayokuitia chakula. Papa Riziki alinitazama, kisha akainama akaokota kitabu chake. Muhindi aliuacha.

Jioni ile tulikuwa tunakula ndagala wa ziwani, we uko na miaka kumi na minne, ukaniuliza mbona leo Papa Riziki hakuonekana. Nikakuambia amefukuzwa, aliiba mazutu. Ukaweka mkono chini. "Papa Riziki?" Na mi, mwanangu, nikasema neno ambalo ukinisamehe yote sijui kama utanisamehe hilo. Nilisema, "Ndivyo walivyo Wakongomani hao." Nikalisema hapa Buyenzi, kwenye nyumba iliyojengwa na babu yako aliyezaliwa ng'ambo ile ya ziwa, huko huko Kongo.

We uliinuka ukaenda kunawa. Lakini uliliamini. Najua uliliamini kwa sababu mwaka juzi tulipokuwa tunapita Bwiza, pale karibu na ofisi za mabasi, nilimwona kabla yako. Alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi anaziba tairi. Alikuona, akainua mkono, akaita, "Dokta!" Na we ukavuka barabara. Ulivuka haraka, na mkoba umeukumbatia, kama binti mwenye adabu anayemkimbia mwizi. Mi nilikuwa nyuma yako. Nilivuka pia.

Huenda unajiuliza, mama alijua lini? Uani siku ile, nilikuwa najua au najidanganya? Nimejiuliza sana. Nadhani siku ile nilijua nimedanganya juu ya mashine, lakini nilijiambia mashine haiwezi kunywa bidoni nne, ni mashine ya mvuke tu, inakula maji. Nilishikilia ujinga wangu kama mutu anayeshikilia kanga isianguke. Ujinga huo alikuja kuuvua Dokta Esperansi.

Huyu unamfahamu, yule daktari wa mifugo anayekaa Kigobe, mdogo kuliko hata shangazi yako. Aliletwa miaka miwili baadaye, tulipokuwa na panya wapya, atusaidie kupunguza umeme na takataka. Nilimdharau. Nilisema huyu mutoto atanifundisha nini, mi niliyeshika brashi akiwa bado ananyonya? Akatoa mfukoni konteri ndogo, mita ya kupimia umeme, akaichomeka kwenye waya wa otoklavu, akaniambia, "Mama, juma hili usibadilishe kitu. Fanya kama siku zote. Nataka nijue tunaanzia wapi."

Nikafanya kama siku zote, tena kwa madaha.

Juma likaisha. Akakaa na kalamu. Akaniuliza mwezi ule wa balaa umeme ulikatika siku ngapi, na mi nikamwambia, kwa sababu siku zile nazikumbuka kama siku za uzazi. Akapiga hesabu. Kisha akasimama akatafuta bidoni tupu za sabuni, akazipanga ukutani ili nione kwa macho. "Kwa umeme wa grupe, mashine hii ikiwashwa tupu-tupu hivi, mwezi mmoja inakunywa mazutu ya bure kiasi hiki." Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Yeye hakuwepo uani siku ile. Kwake ilikuwa ni mfano. Aliniuliza, "Mama, mbona unatoka jasho na klimatizeri inawaka?" Nikamwambia ni umri.

Nilijifunza kila kitu alichonifundisha, na niseme kweli yangu: nilikuwa fundi. Tulipandisha joto la chumba kidogo kidogo, sweta nikaiacha nyumbani, panya hawakulalamika. Nilisafisha vichujio vya klimatizeri, vilikuwa na vumbi kama godoro, mashine ikaacha kuhangaika. Glavu nikatumia kama mutu anayejua zinatoka mbali. Maranda ya panya ambao hawajapewa dawa wala ugonjwa wowote, Dokta akiyakubali, tunawapa kina mama wanaolima mboga za lengalenga bondeni. Watafiti wakaanza kuambiana kabla ya kuagiza wanyama, maana panya aliyezaliwa bila kazi anakula, anakunywa, anahitaji baridi, na mwisho anakufa bure. Otoklavu ikawa inanguruma mara moja kwa juma, imeshiba mpaka mlango unakataa kufunga.

Lakini kilichonivunja ni kiota. Dokta Esperansi aliniona namwaga kisanduku cha jike lenye watoto, akanishika mkono. "Mama, panya anaijua nyumba yake kwa harufu. Wewe kila siku unamhamisha. Anaamka hajui yuko wapi, hajui hawa watoto ni wa nani. Akiogopa hivyo anawala." Akanionyesha: ukibadilisha, chukua konzi moja ya kiota cha zamani, kile kichafu kidogo, weka katika kisanduku kipya. Basi. Nikafanya. Tangu siku ile majike yangu yakalea.

Nilirudi nyumbani nikalia, ukaniuliza nini, nikasema kitunguu. Nilikuwa nahesabu miaka niliyoita damu yao mbaya, kumbe ubaya ulikuwa unaingia kila asubuhi na ndoo.

Ndipo wakanipa cheti. Kile kilichokaa karibu na saa ya ukutani, unachowasomea wageni kwa Kifaransa chako kizuri. Mama Shabani alisema, "Mama wa Panya kapewa cheti cha kuzima taa!" na nilimcheka kwa sababu nilikuwa na furaha. Direkta alisimama uani, pale pale mbele ya grupe, akasoma mazutu yote tunayookoa tangu Mama Zuhura abadilishe kazi. Watu wakapiga makofi. Na mi nikiwa nimesimama na karatasi yangu nikaelewa kitu ambacho hakuna mutu mwingine pale alikielewa. Walikuwa wanapigia makofi tofauti, ya zamani na ya sasa. Kama zamani ningekuwa nafuata sheria, tofauti isingekuwepo na cheti kisingekuwepo. Kila tone walilonisifia lilikuwa tone aliloitiwa mwizi Papa Riziki. Mi nilipewa cheti kwa bidoni zake nne.

Nikakitundika ukutani. Ndiyo, nilikitundika. Nilichagua hata msumari.

Basi mwezi uliopita direkta akaandika barua yako, akanisomea ofisini kwa upendo, akafika kwenye sentensi ile, akanitazama akitabasamu. Nikamshukuru. Nikatoka nje, nikashindwa kupita uani. Nilizunguka nyuma ya jiko kama mutu anayekwepa mdai, na pale hakuna anayenidai, ni grupe tu, chuma tu.

Jumamosi iliyopita nilipokuambia nakwenda sokoni nilikwenda Bwiza.

Alikuwa kwenye kiti chake kifupi, ametumbukiza mpira wa tairi kwenye beseni la maji anatafuta tundu. Nywele zimekuwa nyeupe.

"Mama Zuhura. Tairi yako iko wapi?"

"Sina tairi. Nimekuja kusema kitu."

"Basi ikala. Hapa kila mutu anakujaka na kitu imetoboka."

Nikakaa juu ya kopo alilonisogezea. Nikamwambia yote, trei tupu, konteri, bidoni za sabuni ukutani, cheti. Hakuacha kuzungusha mpira kwenye maji. Nilipomaliza alikuwa anatazama mapovu madogo yanapanda.

"Nilijua," akasema. "Grupe iko na sauti. Ukiwasha ile mashine, inaguna. Nilikuwa nahesabu miguno."

"Sasa kama ulijua, kwa nini hukunisema?"

Ndipo akainua uso. "Nilisema, mama. Nilisema bakuulize." Akafuta mikono kwenye suruali. "Na balikuuliza."

Nikamwuliza nimfanyie nini, nilikuwa nimebeba pesa kidogo kwenye kitambaa. Akakitazama, akatikisa kichwa.

"Apana, rudisha. Mimi balinisachi mufuko pale uani, mbele ya bote. Kama uko na kitu ya kusema, sema pale. Na sauti ile ile."

"Watanifukuza."

"Inawezekana." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama fundi anayekuambia tairi hii haibebi tena kiraka. Kisha akauliza, "Dokta wangu iko aje?"

"Anaondoka. Anakwenda kusoma. Kazi yetu ile."

Akatabasamu, Zuhura. Wallahi alitabasamu. "Ule muhindi, ile siku, ulikuwa wake."

Toka Jumamosi silali vizuri. Shetani amenipa shauri zuri sana: ngoja mutoto afike, aandikishwe, apewe kitanda, ndipo useme. Mwezi mmoja tu, miwili, nani atakufa? Kila nikilisikia shauri hilo naisikia sauti iliyolibeba. Ni ile ya "mara moja kwa juma, direkta."

Kwa hiyo nasema kesho. Saa mbili asubuhi, wafanyakazi wakiwa uani kabla ya kuingia, nitasimama mbele ya grupe. Dokta Esperansi nimemwambia awepo na hesabu zake. Papa Riziki amesema atafunga kiti chake saa moja na nusu, atakuja kusikiliza. Baba yako nimemweleza jana. Alimaliza chai yake, akasema, "Wahi, kabla direkta hajatoka na gari." Unamjua baba yako.

We utakuwa njiani, labda umekwisha kupita Muyinga. Barua hii nitakupa mkononi leo kabla jua halijazama, usiikute kesho kutwa chini ya nguo. Ukitaka kuondoka na ile karatasi ya direkta, ni haki yako, aliyoyaandika juu yako ni kweli yote, alama zako ni zako. Ukitaka kuitoa kwenye faili, itoe. Huenda akapiga simu chuoni. Huenda ukapiga hodi hapa si kwa likizo bali na sanduku zima, na itakuwa ni mimi niliyekurudisha. Naogopa hilo kuliko kufukuzwa. Nimezoea kukutangaza avenyu nzima, sijui nitapita vipi mbele ya Mama Shabani. Lakini we unakwenda kushika funguo za nyumba ya wanyama, na siku moja mutu mwenye kijiti mkononi atakuja mlangoni mwako kukuambia jambo usilotaka kulisikia. Sitaki usikie sauti yangu ikikujibia.

Cheti nimekishusha. Msumari nimeuacha, sikuwa na nyundo.

Katika sanduku lako, chini kabisa, nimeweka kile kitenge changu cha nyumbani, cha majani ya kijani. Sijakifua. Mi, Mama wa Panya, niliyefua mpaka vilivyokuwa safi, nimekikunja hivyo hivyo na moshi wa jiko na jasho langu. Ukifika usikiloweke. Kiweke kwenye kitanda cha huko usiku wa kwanza, utajua kwa nini.

Na kitu kimoja cha mwisho, kwa sababu nakusikia kama umefungua geti. Basi lako linaondoka Bwiza, na Papa Riziki huwa anafungua kabla ya mabasi. Kiti chake kiko upande ule ule. Akiinua mkono, akikuita Dokta, mwanangu, usivuke barabara.

Mama yako,
anayejivunia wewe kuliko cheti chochote.